Sura ya Saba: Wimbi Lililokomea Juu ya Bati

Tarehe 28 Oktoba 1998, kutoka uwanja wa kurushia vyombo vya angani wa Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, roketi ya Ariane ilipaa ikichukua setilaiti iliyopewa jina la AfriStar, nayo ilikuwa ya kwanza kuundwa kwa kusudi la kuteremsha sauti ya redio kwa njia ya tarakimu hadi katika redio ndogo ya kubebwa, pasipo mnara wala kituo chochote baina ya mbingu na msikilizaji. Mwenye fikra hiyo, Noah Samara, mwanasheria mzaliwa wa Addis Ababa, alikuwa ameasisi kampuni ya WorldSpace mwaka 1990, na hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika, nzito kukanushwa: kwamba mkulima na mwalimu wa Afrika, ambao kwa miaka mingi walikuwa wametosheka na mawimbi mafupi yaliyokuwa yakipanda na kushuka, wanastahili sauti safi na habari za kuaminika sawasawa na mkazi wa mji wowote mkubwa wa dunia. Fikra hiyo naiheshimu hata leo. Niliyoyakusudia katika sura hii ni kueleza jinsi wimbi lililosafiri kilomita zipatazo 36,000 bila ya kudhurika lilivyokuwa likishindwa kupenya bati lisilofikia nusu milimita kwa unene katika nyumba za Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, na jinsi dawa ya taabu hiyo, ambayo si ghali wala si ya ajabu, ilivyokuwa ikipatikana tangu siku ya kwanza.

Wakazi wa mpaka huu hawakuwa wageni wa redio. Idhaa ya Uganda ilianza kazi mwaka 1954, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata kutoka London mwaka 1957. Na kwa kuwa mawimbi hayaonyeshi hati ya kusafiria, mtu aliyeketi barazani kwake Busia aliweza kusikiliza Kampala asubuhi na Nairobi jioni pasipo kuhama kiti, jambo ambalo wenzake wa Murang'a au Masaka hawakulijua. Lakini sauti ya mbali iliyokuja kwa mawimbi mafupi ilitegemea tabaka za juu za hewa ambazo huakisi mawimbi hayo na kuyarudisha chini, na tabaka hizo hubadilika kila jua linapochomoza na kila linapokuchwa, basi msikilizaji alilazimika kukizungusha kitufe akiitafuta idhaa yake iliyotoroka, na aghalabu aliipata habari ikiwa imekwisha kusomwa. AfriStar ilikuja kuiondoa adha hiyo. Mawimbi yake hayakuhitaji kuakisiwa na kitu chochote, kwa maana yalishuka moja kwa moja kutoka mahali pasipobadilika.

Mahali penyewe ni lazima tupafahamu vyema, kwa sababu humo ndimo ilimo siri ya sura nzima. Setilaiti ya namna hii huwekwa juu ya mstari wa ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, ambapo mwendo wake wa kuizunguka dunia hulingana na mwendo wa dunia kujizungusha yenyewe, hivyo kwa mtazamaji aliye chini huwa kama imesimama. AfriStar ilisimamishwa kwenye nyuzi 21 za mashariki, yaani, kwa kukadiria, juu ya utosi wa mji wa Boende katika misitu ya Kongo. Busia na Tororo ziko kwenye nyuzi 34 na kidogo, tena karibu sana na ikweta. Mwenye kuifanya hesabu ya pembetatu hii atapata kwamba, kwa mtu wa Busia, setilaiti ilikuwa upande wa magharibi kabisa, kwenye kimo cha nyuzi zipatazo 75 kutoka upeo wa macho, na kwa kuwa utosi wenyewe ni nyuzi 90, AfriStar ilikuwa imekosa kuwa juu ya kichwa chake kwa nyuzi 15 tu. Dakar, ambayo iko mbali upande mwingine wa bara, iliiona kwenye kimo cha nyuzi 43 hivi, na Unguja kwenye nyuzi 67.

Msomaji asidhani kuwa ukaribu huo na utosi ulikuwa neema isiyo na kasoro. Mtu wa Dakar aliweza kuiweka redio yake kwenye dirisha la mashariki, mwale ukaingia kwa mshazari kama jua la saa tatu asubuhi, akasikiliza. Mtu wa Busia hakuwa na dirisha la kumfaa, kwani dirisha hutazama upande na wimbi lake lilikuwa likitoka juu. Tuichukue nyumba ya kawaida ya mjini, ambayo upenu wake umechomoza sentimita 60 nje ya ukuta, na ukingo wa upenu huo uko mita 2 juu ya kizingiti cha chini cha dirisha. Mwale unaoshuka kwa pembe ya nyuzi 75, baada ya kuupita ukingo wa upenu, husogea ndani kiasi cha sentimita 54 tu hadi kufika usawa wa kizingiti, maana yake ni kwamba hupita nje ya ukuta, sentimita sita mbali na dirisha, ukaenda kuugonga ukuta chini ya kizingiti. Redio iliyokuwa dirishani, na mwenyewe akiwa na yakini kuwa ameielekeza vyema magharibi, ilikuwa imo katika kivuli cha bati toka asubuhi hadi usiku.

Kivuli nasema, na si kwa kukisia. AfriStar ilitumia masafa ya megahezi 1,467 hadi 1,492, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 20, na wimbi la urefu huo halina njia ya kupenya karatasi ya chuma, liwe la geji 28 au geji 30, jipya au lenye kutu; hulipiga bati na kurudi lilikotoka. Nyumba za nyasi za Wateso na Wajopadhola zilikuwa na hali iliyo bora katika jambo hili moja, kwani nyasi kavu huliacha wimbi lipite kwa hasara ndogo, ijapokuwa nyasi hizo hizo zikilowa kwa mvua za Aprili hulipunguza. Mvua yenyewe ikiwa hewani haina taathira ya maana katika masafa hayo. Lakini nani angemshauri mtu avue mabati arudishe nyasi? Bati ni alama ya maendeleo ya kaya, huhifadhi nafaka, hukinga maji ya mvua yakapelekwa katika tangi, na mwenye kulinunua amelinunua kwa jasho. Chombo cha redio ndicho kilichopaswa kuijia nyumba jinsi ilivyo.

Zaidi ya hayo, wimbi hili lilikuwa dhaifu. Setilaiti huwa na nguvu chache za umeme kutoka katika vioo vyake vya jua, na nguvu hizo hutawanywa juu ya eneo la nchi nyingi kwa pamoja, na wahandisi waliipangia redio ya msikilizaji ifanye kazi mahali palipo wazi kuielekea mbingu, wakiacha akiba ndogo tu ya kustahimili tawi la mti au mtikisiko wa antena. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu iliyokuwapo. Muembe wenye majani mazito uliosimama magharibi ya nyumba ulitosha kuimaliza akiba hiyo. Na redio ya tarakimu haina tabia ya kufifia polepole kama redio ya kale, ambayo msikilizaji angeweza kuitegea sikio katikati ya mikwaruzo. Yenyewe husema kwa sauti safi, au hunyamaza kabisa.

Wako waliofikiri kwamba wimbi likiakisiwa na ukuta wa jirani au na bati la choo cha nje lingeweza kuingia kwa njia ya pembeni, wakahama na redio zao kutoka kona hii hadi kona ile. Kwa bahati mbaya mawimbi ya AfriStar yalirushwa yakiwa na mzunguko, yaani yalisafiri yakijizungusha kwa upande mmoja, na antena bapa ya redio iliumbwa kulipokea wimbi lenye mzunguko wa upande huo. Nalo wimbi likishagonga chuma hurejea likizunguka kinyume chake, na antena hulikataa. Ndiyo maana ile desturi ya kale ya kuitembeza redio chumbani, ambayo iliwafaa wasikilizaji wa mawimbi mafupi, haikufua dafu hapa.

Madhara ya jambo hili hayakuwa ya starehe peke yake. Katika muongo wa 2000 Wizara ya Elimu ya Kenya ilivipitisha vipindi vya redio vya shule za msingi, vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, katika mkondo wa WorldSpace, ili somo lisikike sawa kwa mtoto wa Turkana na mtoto wa Samia. Na idara za hali ya hewa za Afrika, katika mradi ulioitwa RANET, ziliutumia mkondo huo huo kupeleka picha za mawingu na utabiri wa mvua hadi kwenye ofisi za wilaya ambazo hazikuwa na simu ya kutegemewa, seuze intaneti. Darasa limeezekwa kwa bati. Ofisi imeezekwa kwa bati. Mwalimu aliyetaka somo lisikike alikuwa na hiari ya mambo mawili, ama kuwatoa watoto nje wakae chini ya jua, ama kuitoa antena nje na kuwaacha watoto katika madawati yao, na hili la pili halikuhitaji chochote ila maarifa na waya.

Basi tuanze na hilo la waya, maana ndilo dogo zaidi. Redio kadhaa za WorldSpace zilikuwa na antena ya kubanduka, bapa, yenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na mtu aliweza kuipandisha juu ya paa na kuiunganisha na redio kwa waya wa koaksia, ule ule ambao mafundi wetu huuita waya wa dishi. Hapo yafaa kujua kwamba waya wenyewe hula nguvu ya wimbi: katika masafa ya karibu megahezi 1,500, mita 10 za waya wa kawaida wa dishi humeza kiasi cha desibeli 2 na nusu, karibu nusu ya kila kilichopokewa, na mita 20 humeza mara mbili ya hizo. Kwa waya mfupi hasara hiyo huvumilika. Kwa waya mrefu hutakiwa kikuza-mawimbi, na kikuza-mawimbi hicho sharti kifungwe juu, jirani ya antena, kabla wimbi halijaanza safari ya kushuka. Wengi hukifunga chini, nyuma ya redio, kwa kuwa ndiko kwenye soketi ya umeme. Lakini wimbi likishadhoofika ndani ya waya hadi kulingana na kelele iliyomo ndani ya kila chombo cha umeme, kulikuza ni kuzikuza na kelele pamoja nalo, na redio haitaweza tena kuzitenga. Umeme wa kukiendesha kikuza-mawimbi kilicho juu waweza kupelekwa kwa waya ule ule, ukipanda wakati wimbi likishuka, wala haviumizani.

Pana watu, hata hivyo, ambao waya haukuwatosha: mwenye nyumba ya vyumba vinne aliyetaka kuihamisha redio kutoka sebuleni kwenda jikoni, au mwalimu mkuu mwenye redio moja inayozunguka madarasani. Hao walihitaji repita, na repita si chombo kigeni kama jina lake linavyodhaniwa. Ni antena ya juu inayopokea, waya unaoteremka, kikuza-mawimbi, na antena ya pili, iliyo ndani ya chumba chini ya dari, ambayo huurusha upya wimbi ule ule, kwa masafa yale yale, ili redio ilipokee kana kwamba paa halipo. Redio haihitaji kubadilishwa chochote. Ili redio iliyo mita 3 kutoka antena ya ndani ipate nguvu ile ambayo ingeipata ikiwa nje, vikuza-mawimbi vyote kwa pamoja huhitaji kuongeza desibeli 35 hadi 40, na desibeli 40 ni kukuza mara 10,000. Hesabu hiyo haiogopeshi. Vikuza-mawimbi vidogo vya waya wa dishi, vinavyouzwa na mafundi wa televisheni katika miji yote miwili, hufanya kazi baina ya megahezi 950 na 2,150, na masafa ya AfriStar yalikuwa katikati ya mpaka huo.

Hatari yake ni moja, na kila aliyewahi kusimama karibu na vipaza sauti vya msikiti au vya mkutano wa hadhara anaijua kwa masikio yake. Kipaza kikikielekea kinasa, sauti hutoka, huingia tena, hukuzwa tena, ikatoka kubwa zaidi, hata uwanja mzima ukajaa mlio wa kukera na hotuba isisikike. Repita nayo, ikiwa antena yake ya ndani yaweza kuonwa na ile ya juu, hupiga ukelele huo huo katika masafa ya redio, ukelele usiosikika na binadamu lakini unaoziba kila kitu, ndani ya nyumba na nyumba za jirani. Kanuni yake ni kwamba wimbi linalovuja kutoka ndani kurudi juu sharti lipungue kuliko linavyokuzwa, tena kwa kuzidi desibeli 10 au zaidi: ukikuza mara 10,000, kinachorejea kiwe kimepunguzwa mara 100,000 na kuendelea. Katika nyumba ya matofali yenye paa la vigae ni kazi ngumu kuufikia utengano huo. Katika nyumba ya Busia utengano huo umekwisha kujengwa, nao ni bati. Karatasi ile ile iliyolizuia wimbi lisishuke humzuia mwanawe asipande, na fundi ambaye ameizibua njia ya waya kwa uangalifu hupata repita iliyotulia kuliko angeliipata katika jumba la kifahari la Nairobi.

Kazi yenyewe naieleza kama inavyofanywa, kwa sababu vitabu vingi huishia kwenye mchoro. Fundi hupanda asubuhi, bati likiwa bado baridi, akikanyaga juu ya misumari tu, maana ndipo penye papi na kenchi, na akikanyaga katikati ya mapapi bati hubonyea na baadaye huvuja. Huuchagua upande wa magharibi wa mgongo wa paa, mbali na tangi la maji na mbali na matawi, akausimamisha mlingoti mfupi wa bomba la chuma, si zaidi ya mita moja, ulioshikwa kwa ukanda wa bati kwenye ubao wa mbele. Antena bapa huilaza karibu ielekee utosini, kisha akaiinamisha magharibi kwa kiasi cha mkono wa saa unapokuwa umehama dakika mbili na nusu kutoka juu, ambazo ndizo nyuzi 15. Kwa aliye upande wa Kenya magharibi ni Uganda, basi antena zote za Busia ya Kenya ziliinamia kwa jirani. Mwenzake wa chini huitazama redio na kupaza sauti alama zikipanda, na hapo kokwa hukazwa. Waya hauingizwi kwa kutoboa bati, ambalo ni kosa linalojutiwa mvua ya kwanza inapokuja. Hupitishwa chini ya kofia ya mgongo wa paa, ukaachwa ulegee kidogo kabla ya kuingia ili matone yadondoke nje yasiufuate hadi ndani, na kila kiungo kilicho juani hufungwa kwa mpira wa baiskeli na kupakwa silikoni, kwa maana maji yakiingia katika koaksia huuharibu waya mzima, na mafundi wengi huilaumu redio kwa kosa la kiungo. Antena ya ndani huning'inizwa chini ya silingbodi katikati ya nyumba, ikitazama sakafu na kuupa mgongo bati. Na mlingoti ufungiwe waya wa ardhi. Nchi hii, kutoka ufuo wa Ziwa Victoria hadi miteremko ya Elgon, ina radi nyingi na kali, na bomba la chuma lililosimama peke yake juu ya paa si la kuachwa hivi hivi.

Huko Marekani, ambako redio ya setilaiti ilianza kuuzwa na kampuni ya XM mwaka 2001 na Sirius mwaka uliofuata, hawakungoja msikilizaji ajitafutie dawa. Kampuni hizo, ambazo ziliungana mwaka 2008, zilitambua mapema kwamba majengo marefu yangeziba mawimbi yao ya megahezi 2,300 na zaidi, zikajenga mamia ya vituo vya kurudia mawimbi katika miji, na kwa wenye nyumba zikapatikana repita ndogo za chumbani, za kuunganishwa na antena ya dirishani au ya paani. Na ifahamike kwamba wao setilaiti huitazama ikiwa chini zaidi angani, na aghalabu dirisha la kusini hutosha. Sisi tuliokuwa na haja kubwa zaidi ya chombo hicho, kwa sababu ya utosi na kwa sababu ya bati, ndio tuliouziwa redio tupu.

Kuna repita ya namna ya pili, na katika eneo hili ndiyo iliyozaa matunda. Hii haiurudii wimbi la setilaiti kama lilivyo. Huipokea habari kutoka juu mara moja, mahali pamoja palipofungwa vyema, kisha huirusha kwa FM, na kila mwenye redio ya bei ndogo, hata ile iliyomo katika simu, huisikia akiwa kitandani. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya iliifuata njia hiyo ilipoanzisha, chini ya RANET, vituo vidogo vya redio za jamii, kimojawapo kikiwa Bulala FM ya Budalang'i, katika Kaunti ya Busia. Budalang'i ni bonde la mwisho la mto Nzoia kabla haujaingia Ziwa Victoria, na mvua inayoufurisha mto huo hunyesha mbali, katika vilima vya Cherang'any na miteremko ya Elgon, hivi kwamba mtu aweza kulala chini ya mbingu iliyojaa nyota na kuamka ameshazungukwa na maji yaliyovunja tuta. Kwa watu hao, habari ya mvua iliyonyesha jana milimani ina thamani kuliko wimbo wowote, na ilibidi iwafikie kwa lugha ya nyumbani, kwa redio waliyo nayo, chini ya bati walilo nalo. FM huingia madirishani kwa urahisi, kwa vile mnara wake uko karibu, wenye nguvu tele. Laiti shule za mpaka huu zingepewa kituo kimoja cha namna hiyo kwa kila tarafa, badala ya redio moja moja zilizokuwa zikiomba mbingu kupitia paa, naamini masomo yale yangesikika na wengi zaidi.

WorldSpace yenyewe haikudumu. Oktoba 2008 iliomba kinga ya mufilisi katika mahakama ya Marekani, mwisho wa mwaka 2009 ikafunga huduma yake huko India, na mikondo ya Afrika nayo ikazimika. Sababu kubwa zilikuwa za fedha, madeni mengi na wateja wachache, wala sitamdanganya msomaji kwamba bati la Busia liliizamisha kampuni ya mabilioni. Lakini mteja aliyenunua redio asiisikie chumbani mwake hakulipa ada ya pili, na hakumshauri jirani anunue. Mwaka 2015 mkutano wa kimataifa wa masafa ya redio huko Geneva ukaifungulia simu za mkononi sehemu ya masafa hayo, na leo yeyote anayetaka redio ya setilaiti hapa huipata kwa dishi na king'amuzi, ambapo dishi, kwa bahati njema, haliwezi kusahauliwa ndani.

Taabu yenyewe haijaondoka, imehama tu. Simu inayotafuta mahali ilipo kwa setilaiti za GPS hupokea megahezi 1,575, jirani kabisa na masafa ya AfriStar, na atakayeifungua ramani chini ya bati bila madirisha kisha akatoka uani ataiona tofauti ile ile. Mtandao wa simu nao hufifia katika maduka ya Busia na maghala ya Malaba, na wafanyabiashara hununua repita za simu zilizoingizwa kimagendo, wakazifunga bila ya kupima utengano wa antena. Jambo hilo nalipinga wazi. Repita ya simu hurusha pande zote mbili, kuelekea chumbani na kuelekea mnarani, na ikipiga ukelele huuziba mnara mzima. Na mnara wa mpakani huhudumia watu wa nchi mbili, akiwamo mgonjwa anayempigia daktari. Sheria za Kenya na za Uganda zinakataza kurusha mawimbi pasipo idhini, na ofisi za kuomba ushauri na vibali zinajulikana, Mamlaka ya Mawasiliano upande mmoja na Tume ya Mawasiliano upande wa pili.

Kwa hiyo neno langu nalielekeza kwa wizara, kwa mashirika ya misaada, na kwa kila mwenye nia njema atakayekuja tena mpakani na kasha la vyombo vinavyosikiliza mbingu, viwe vya masomo, vya hali ya hewa au vya intaneti. Kabla hujaagiza chombo cha pili, kichukue cha kwanza hadi katika darasa la bati la Samia au la Mulanda, saa sita za mchana, dirisha likiwa wazi, ukisikilize kutoka kwenye dawati la nyuma. Kisha, katika bajeti yako, andika kwanza antena ya paani, mita 15 za waya mzuri, waya wa ardhi, na ujira wa fundi wa hapa hapa ambaye atarudi kukikaza kiungo kitakapolegea. Na fedha zitakazosalia ndizo ununulie redio.